Paka mnene mwenye kisukari: sindano, dawa ya kumeza au chakula?

Dalili za mwanzo huwa zilezile karibu kwa kila paka. Maji yanaisha bakulini mapema, mchanga wa choo chake unalowa mpaka chini, anakula na baada ya muda mfupi analia tena jikoni, lakini mgongo unaanza kukonda huku tumbo likiendelea kuning'inia. Daktari wa mifugo anapima damu na mkojo, anasema ni kisukari, na mwenye paka anarudi nyumbani na swali ambalo daktari hawezi kumjibia peke yake: nimchome sindano kila siku, nimpe dawa ya kumeza, au nianze na chakula na uzito?

Nazungumzia paka mnene hasa, kwa kuwa unene unabadilisha hesabu nzima. Hatari yake ya kupata kisukari inafikia mara nne ya ile ya paka mwenye uzito unaomfaa, na wanaoongoza ni madume waliohasiwa, waliopita miaka 7, wanaoshinda ndani. Kisukari chao kinafanana na cha aina ya pili kwa binadamu. Kongosho bado linatoa insulini, ila mwili uliojaa mafuta hauiitikii vizuri. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inazidhoofisha zile seli zinazotengeneza insulini, na kwa hiyo inazidi kupanda. Mzunguko huo ukikatwa mapema, sehemu ya seli hizo hurudi kazini. Ndiyo maana paka, tofauti na mbwa, ana nafasi ya kweli ya kuishi baadaye bila dawa yoyote, na ndiyo maana miezi ya kusitasita inaweza kumnyima nafasi hiyo.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni hali ya paka siku hiyo, na hapa kinachoamua ni ketoni. Mwili ukikosa insulini hauwezi kutumia sukari, hivyo unayeyusha mafuta, na mafuta hayo yanaacha ketoni ambazo zikizidi huifanya damu kuwa na asidi. Paka mwenye ketoni nyingi, asiyekula, anayetapika au aliyelala tu bila kujali kinachoendelea ni mgonjwa wa dharura. Huyo hana cha kuchaguliwa. Anahitaji kulazwa, dripu na insulini leo hii. Yote yanayofuata ni kwa paka anayekula, anayetembea, na aliyekwisha kupimwa ketoni.

Hakikisha pia jibu lenyewe ni la kweli. Paka akiogopa, sukari yake hupanda hata kama hana kisukari, na safari ya kufungiwa kikapuni inatosha kumtisha. Kwa hiyo kipimo kimoja cha sukari hakitoshi bila dalili na sukari kwenye mkojo. Kipo kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha hali ya wiki mbili hivi zilizopita. Daktari akikitaja, usikione ni gharama ya bure. Na kama paka amekuwa akipewa steroidi kwa ajili ya ngozi au pumu, mwambie daktari kabla hajauliza, maana dawa hizo zenyewe zinaweza kuleta kisukari.

La pili ni saa za nyumba yako: nani yupo asubuhi, nani yupo jioni, na je, ni hivyo pia Jumamosi na siku za safari? La tatu ni unachoweza kukipata na kukilipia mwezi baada ya mwezi. La nne ni hatari ya kila njia, na kama utaiona ikija. La tano ni nafasi ya paka kufika mahali pa kuishi bila dawa. Njia zote tatu nitazipitisha kwenye vigezo hivi.

Njia ya kwanza: insulini ya sindano

*Inamfaa nani.* Karibu kila paka mwenye kisukari. Ndiyo tiba ya aliyekwisha kukonda sana, aliyewahi kupata ketoni, mwenye ugonjwa wa kongosho au wa ini, na yule ambaye dawa nyingine zimeshindwa. Insulini zinazotajwa sana kwa paka ni tatu. Glargini ni ile ya binadamu, inayojulikana madukani kwa jina la Lantus. ProZinc na Caninsulin zimetengenezwa kwa ajili ya wanyama. Insulini ya mchanganyiko wa 30/70, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari Afrika Mashariki wanaifahamu, na ile ya NPH, huisha nguvu mapema mno kwenye mwili wa paka. Usimgawie paka ile ya bibi iliyomo kwenye friji.

*Kazi ya nyumbani.* Mara mbili kwa siku, saa 12 kati ya sindano na sindano. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa mfano. Hapa ndipo watu wengi wanapoogopa, na naomba nikae kidogo, kwa sababu kitu kinachoogopwa si kile kinachosumbua baadaye. Sindano ya insulini ni fupi na nyembamba, na paka wengi hawageuki wakichomwa huku wanakula. Unaivuta ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili mpaka isimame kama hema dogo, unaingiza sindano chini yake, unasukuma, unatoa. Kisha unapitisha kidole kwenye manyoya. Yakiwa yamelowa, dawa imepita ikatokea upande wa pili. Hapo usirudie dozi hata ukidhani imemwagika yote. Subiri zamu inayofuata. Paka aliyekosa dozi moja atakuwa na sukari ya juu kwa nusu siku, lakini aliyepewa mbili kwa pamoja anaweza kufa.

Mlishe kwanza, uone amekula, ndipo umchome. Akikataa chakula, mpigie daktari kabla ya kushika sindano.

Kinachosumbua kweli ni saa. Mtu anayefanya kazi kwa zamu, anayesafiri mara kwa mara, au anayeishi peke yake bila jirani wa kumwamini, atahangaika na hizo saa 12 zaidi kuliko na sindano yenyewe.

*Hatari.* Sukari kushuka mno. Chini ya miligramu 60 kwa desilita, yaani 3.3 kwa kipimo cha milimoli, ni eneo la hatari. Paka analegea, anayumba, anatetemeka, anaweza kupata degedege. Mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni kama hajitambui, kisha mkimbize kwa daktari hata akionekana amepata nafuu.

Ajali nyingi za namna hii zinatokana na bomba la sindano lisilo lake. Caninsulin na ProZinc zina uniti 40 katika kila mililita. Lantus ina uniti 100. Kila moja ina mabomba yake. Ukivuta Lantus kwa bomba la uniti 40 mpaka mstari wa 2, umevuta uniti 5. Kwa paka hiyo ni dozi inayoweza kuua. Na ipo glargini nyingine yenye uniti 300 kwa mililita, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa kwenye boksi kila unaponunua, hata kama muuzaji ni yuleyule. Omba bomba dogo la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu uniti. Madaktari wengi huanza na uniti 1 kila baada ya saa 12, mara chache hupita 2, na kwa paka mnene dozi hukadiriwa kwa uzito anaopaswa kuwa nao badala ya ule alio nao. Kwa dozi ndogo hivyo, upana wa mstari mmoja wa bomba ni jambo kubwa.

*Gharama na upatikanaji.* Faida kubwa ya glargini ni kwamba inauzwa kwenye maduka ya dawa ya binadamu, Nairobi kama Dar es Salaam, London kama Toronto. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000, na paka anayetumia uniti 2 hadi 4 kwa siku hataimaliza kabla haijaharibika. Lebo inasema siku 28 tangu ifunguliwe. Kalamu ya mililita 3 yenye uniti 300 humwokolea fedha mwenye paka mmoja. Uliza kama unaweza kuuziwa kalamu moja badala ya boksi zima. Hesabu pia mabomba, stripu za kupimia, na ziara za daktari ambazo huwa nyingi katika miezi ya mwanzo.

Insulini haipendi joto wala barafu. Iweke kwenye friji mbali na sehemu ya kugandisha. Kwa anayeishi mahali pa joto kavu ambako umeme unakatika mara kwa mara, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, hushusha joto vya kutosha kuivusha. Wagonjwa wa kisukari katika nchi za joto wanaitumia njia hii. Insulini iliyowahi kuganda, au glargini isiyo angavu tena kama maji safi, itupe.

*Nafasi ya kuacha dawa.* Hapa ndipo sindano inaposimama vizuri zaidi. Katika utafiti wa Roomp na Rand uliochapishwa 2009, kati ya paka waliochomwa glargini, wakalishwa wanga kidogo na kupimwa sukari nyumbani kwa ukaribu, asilimia 84 waliweza kuacha insulini kama walianzishwa ndani ya miezi sita tangu kugunduliwa. Kati ya walioanzishwa baada ya hapo, walioacha ni asilimia 35. Wenye paka wale walikuwa watu waliojitolea kweli, wakipima sukari mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo usiahidi nyumba yako namba ile ya juu. Lakini tofauti kati ya namba hizo mbili inafaa ikae akilini mwa kila anayeahirisha.

Njia ya pili: dawa ya kumeza ya gliflozini

*Inamfaa nani.* Kwa kawaida figo huchuja sukari kisha huirudisha kwenye damu. Gliflozini huzuia kurudishwa huko, sukari ikatoka na mkojo. Marekani iliidhinisha Bexacat, kidonge cha bexagliflozini, mwezi Desemba 2022, na Senvelgo, dawa ya maji ya velagliflozini, mwezi Agosti 2023. Umoja wa Ulaya uliiruhusu Senvelgo mwaka huohuo wa 2023.

Haifai kila paka, na mipaka yake si ya kubembeleza. Inamfaa paka aliyegunduliwa karibuni, anayekula vizuri, mchangamfu, asiye na ketoni, na ambaye kongosho lake bado linatoa insulini. Kwa masharti ya Marekani, aliyekwisha kutibiwa kwa insulini hapewi. Mwenye ugonjwa wa kongosho, wa ini, au figo zilizochoka sana, naye hapewi. Paka mnene aliyegunduliwa mapema, kabla hajakonda, mara nyingi ndiye anayelingana na maelezo haya, kwa hiyo njia hii inastahili kutazamwa kwa makini.

*Kazi ya nyumbani.* Mara moja kwa siku. Bexacat ni kidonge kimoja kwa paka wa kilo 3 au zaidi. Senvelgo hupimwa kwa uzito wa paka, ikatiwa mdomoni au kwenye chakula kidogo. Hakuna sindano, hakuna kuhesabu saa 12, wala hofu kubwa ya sukari kushuka mno. Kwa mfanyakazi wa zamu wa hospitali au dereva wa masafa marefu anayerudi kila usiku kwa saa tofauti, huo ni unafuu mkubwa. Ila wiki mbili za mwanzo si za kupumzika: daktari atataka ketoni zipimwe mara kadhaa, na stripu za mkojo za kupimia nyumbani zinasaidia. Mchanga wa choo utaendelea kulowa kiasi, kwa sababu dawa yenyewe inafanya kazi kwa kumwaga sukari kwenye mkojo.

*Hatari.* Iliyo kubwa ni ketoni kupanda huku sukari ikisomeka vizuri kabisa. Mwenye paka anapima, anaona namba nzuri, anatulia, kumbe damu inajaa asidi. Hatari hii ni kubwa zaidi katika siku 14 za kwanza, ingawa haiishii hapo. Kwa hiyo dalili za kufuatilia hazipo kwenye kipima sukari, zipo kwa paka mwenyewe: amekula? amenyanyuka kukupokea? ametapika? Akikataa chakula, acha dawa na umpeleke siku hiyohiyo. Kuharisha nako ni kwa kawaida mwanzoni, na kwa wengi hupungua.

*Gharama na upatikanaji.* Dawa yenyewe ni ghali kuliko insulini, lakini inafuta gharama za mabomba, friji na sehemu kubwa ya stripu za sukari. Msomaji aliye Marekani au Ulaya ataandikiwa na daktari wake. Aliye Mombasa, Kampala au Arusha amuulize daktari kwanza itapatikanaje kila mwezi bila kukatika, kabla hajaweka matumaini juu yake. Na tafadhali, usikate vidonge vya dapagliflozini au empagliflozini vya binadamu ukampa paka kwa kukisia. Metfomini nayo haijaonyesha msaada kwa paka. Glipizidi ni dawa ya zamani inayosaidia sehemu ndogo tu ya paka na huweza kuumiza ini. Baadhi ya madaktari huijaribu pale ambapo mwenye paka amekataa kabisa sindano.

*Nafasi ya kuacha dawa.* Sukari hushuka haraka, na hilo hulipumzisha kongosho. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kwa urahisi kama paka amepata nafuu ya kweli au ni dawa tu inayomshikilia, maana namba ya sukari ni nzuri kwa vyovyote. Anayeingia njia hii afikirie dawa ya muda mrefu.

Njia ya tatu: chakula na uzito bila dawa

*Inamfaa nani.* Paka ambaye sukari yake imepanda kidogo tu na dalili ni hafifu. Yule ambaye kisukari kililetwa na steroidi zinazoachishwa. Na aliyeacha insulini tayari. Kwa paka anayekunywa na kukojoa sana na kuanza kukonda, chakula peke yake mara chache hutosha, na nalisema hili nikijua ndiyo njia ambayo wengi wangependa itoshe.

*Kazi ya nyumbani.* Paka ni mla nyama wa asili. Ini lake halikuumbwa kushughulikia wanga mwingi kwa mara moja. Lengo linalotumika sana ni wanga usiozidi asilimia 12 ya nguvu ya chakula. Vyakula vingi vikavu vya punje vinapita 30. Pakiti haikuandikii wanga, kwa hiyo utautafuta mwenyewe: toa kwenye 100 protini, mafuta, nyuzi, majivu na unyevu. Chukua punje zenye protini 30, mafuta 12, nyuzi 3, majivu 7 na unyevu 8. Inabaki 40, na hiyo ni wanga kwa uzito, karibu asilimia 40 ya nguvu pia. Chukua kopo lenye protini 11, mafuta 6, nyuzi 0.5, majivu 2 na unyevu 79. Inabaki 1.5 kwa uzito, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kopo ni maji, hiyo ni kati ya asilimia 5 na 6 ya nguvu. Anayelinganisha protini peke yake ataona punje ni bora, 30 dhidi ya 11, na ndivyo watu wanavyopotea.

Kwa wengi wetu chakula cha paka si kopo wala punje. Ni ugali uliochanganywa na mchuzi wa samaki, wali uliobaki, mkate kwenye maziwa. Wanga wa humo ndio wa kuondoa kwanza. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, paja la kuku, moyo wa ng'ombe na ini kidogo ni mwanzo mzuri kwa siku chache. Kwa muda mrefu, nyama tupu inakosa kalisi, na chakula kinachopikwa mno hupoteza taurini ambayo paka hawezi kuishi bila hiyo. Samaki wabichi wa aina nyingi huharibu thiamini, yaani vitamini B1. Mwombe daktari akupangie mchanganyiko na virutubisho.

Uzito upungue polepole, asilimia 0.5 hadi 1 kwa wiki. Paka wa kilo 7 anayepaswa kuwa na kilo 5 atapoteza gramu 70 kwa wiki akienda vizuri, yaani zaidi ya nusu mwaka. Mpime kila wiki: panda kwenye mizani umembeba, kisha peke yako, utoe, au bora zaidi mizani ya mtoto mchanga, maana ya bafuni haioni gramu 70. Chakula nacho kipimwe kwa gramu. Watoto, wageni na dada wa kazi wote waambiwe. Samaki mmoja wa pembeni anaweza kula hesabu ya siku nzima.

*Hatari.* Ziko tatu. Ya kwanza, kumkatia chakula. Paka mnene asipokula siku mbili au tatu, mafuta hufurika kwenye ini na ini hushindwa kazi, wengine hawavuki. Ya pili, kumpunguzia chakula paka ambaye kisukari tayari kinamkondesha. Huyo anapoteza misuli, hapungui kwa afya. Sukari itulizwe kwanza, mpango wa uzito ufuate. Ya tatu inawahusu wanaochoma insulini: ukiondoa wanga, hitaji la insulini linaweza kuanguka ndani ya siku chache, na dozi iliyokuwa sawa Jumatatu ikawa ya hatari Ijumaa. Usibadilishe chakula cha paka anayechomwa bila daktari kujua siku ya kuanza.

*Gharama na upatikanaji.* Kopo linagharimu kuliko punje, hasa miji ya Afrika Mashariki ambako mengi yanaagizwa kutoka nje. Si lazima liwe la kundi la tiba. Lolote lenye wanga mdogo na lililoandikwa kuwa chakula kamili linafaa. Paka asipogusa kopo, zipo punje maalumu za kisukari zenye wanga mdogo kuliko za kawaida.

*Nafasi ya kuacha dawa.* Chakula ndicho kinachoipa insulini nguvu. Katika utafiti wa 2006 wa Bennett na wenzake, paka wa kisukari walilishwa kwa wiki 16. Waliokula kopo la wanga kidogo, asilimia 68 hawakuhitaji tena insulini, na waliokula la nyuzi nyingi na wanga wa kati ni asilimia 41. Kwa hiyo sioni chakula kama mpinzani wa njia mbili za mwanzo. Anayechagua sindano au kidonge akaacha bakuli la punje limejaa kutwa nzima anajifungia nusu ya mlango.

Kupima nyumbani

Kwa anayechoma insulini, kipima sukari cha nyumbani kina thamani kubwa, kwa sababu nyumbani paka haogopi. Pasha ukingo wa sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu, weka pamba nyuma yake, choma pembeni mwa mshipa mdogo unaoonekana, gusisha stripu kwenye tone. Vipima vya binadamu husoma chini kuliko ukweli kwa damu ya paka, basi mweleze daktari unatumia kipi na ubaki na hicho hicho. Kwa njia zote tatu, andika daftarini maji aliyokunywa, alivyokula na uzito wa wiki. Paka anayehitaji dozi kubwa zaidi na zaidi huku akiongezeka mwili anaweza kuwa na uvimbe unaotoa homoni ya ukuaji, uliza apimwe.

Kwa hali yako

Paka ana ketoni, amekonda sana, au ana ugonjwa wa kongosho: insulini, bila kungoja.

Amegunduliwa juzi, mnene, mchangamfu, anakula, na nyumbani kuna mtu asubuhi na jioni: insulini pamoja na chakula cha wanga kidogo ndiyo njia yenye rekodi nzuri zaidi ya kumtoa kwenye dawa. Kama ningekuwa na ratiba hiyo, ningeanzia hapo.

Paka ni wa namna hiyohiyo, lakini saa zako hazitabiriki au mikono yako inatetemeka, na unaishi ambako gliflozini inapatikana: kidonge ni chaguo la heshima, mradi uko tayari kupima ketoni na daktari yuko karibu. Asiye na daktari wa kumfikia siku hiyohiyo asianze dawa hii.

Gliflozini haipatikani, na huwezi sindano mbili: mwambie daktari wazi. Sindano moja kwa siku haifikii mbili, lakini inaweza kumpa paka maisha yenye nafuu, na ni bora kuliko kuacha kabisa. Jirani, binamu au muuguzi mstaafu wa mtaani anaweza kushika zamu ya jioni kwa mafunzo ya siku moja.

Dalili ni hafifu na sukari imepanda kidogo: jaribu chakula kwa muda mfupi ambao wewe na daktari mmekubaliana, mkiwa na tarehe ya kupima tena. Tarehe ikifika na sukari haijashuka, ongeza dawa.

Umekwama kifedha: chagua kalamu moja ya glargini, mabomba sahihi, na chakula cha nyama kisicho na wanga, kabla ya makopo ya bei kubwa.

Paka ameacha insulini: endelea na chakula kilekile na uzito uleule, kwa kuwa kisukari hurudi kwa baadhi yao. Stripu moja ya mkojo kila wiki inatosha kukuonya. Sukari ikionekana tena, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo, na kama atasema uanze kuchoma, nunua insulini mpya badala ya kufungua droo uliyoweka ile ya mwaka jana.